Kabla ya Kuuliza Vitamini C Imefanya Nini, Uliza Mtu Alianzia Wapi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa lishe, wengi wenu mnakuja na swali moja: je, vitamini C inasaidia au haisaidii? Nimefanya kazi na kirutubishi hiki kwa miaka mingi, na swali likiulizwa hivyo silijibu. Anayenijia na makala mkononi namwomba kwanza afungue jedwali la sifa za washiriki, atafute mstari unaoonyesha damu yao ilikuwa na vitamini C kiasi gani siku ya kwanza. Mara nyingi mstari huo haupo. Na usipokuwepo, hitimisho la makala, liwe la kusifu au la kuponda, linaning'inia hewani.

Sababu ni hii. Dawa mpya ya presha haimo mwilini mwa mtu hadi umpe. Kirutubishi kimo kwa kila aliye hai, kwa kuwa kila aliye hai anakula. Kwa hiyo utafiti wa lishe haulinganishi waliopata na waliokosa. Unalinganisha watu waliopandishwa kutoka kiwango fulani na watu walioachwa pale walipokuwa. Ukilishika hilo mapema, historia nzima ya vitamini C, ambayo kwa nje inaonekana imejaa watu wanaopingana, inaanza kueleweka.

Mwaka 1747, ndani ya meli ya HMS Salisbury, daktari James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C, wawili wawili. Wapo waliopewa siki, wapo waliopewa maji ya bahari, na wawili wakapewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini mmoja wa wale wawili alikuwa tayari anafaa kurudi kazini. Leo ukipeleka pendekezo la utafiti lenye watu wawili kila kundi utarudishiwa siku hiyohiyo. Kwa Lind jibu lilionekana kwa macho kwa sababu miili ya mabaharia wale ilikuwa imekauka vitamini C kabisa. Pale penye upungufu mkubwa, hata jaribio dogo husema kwa sauti.

Msiishie hapo kwa Lind, kama vitabu vingi vya mwanzo vinavyofanya. Alipotaka juisi ihifadhike safarini, alipendekeza ipashwe moto taratibu kwa saa nyingi mpaka iwe nzito. Joto na hewa vikaharibu kilekile kilichokuwa kikiponya. Jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuagiza juisi ya limau kwa mabaharia wake mwaka 1795, Lind akiwa ameshafariki. Karne iliyofuata likahama kutoka malimau kwenda ndimu za visiwa vya Karibi, kwa imani kwamba ukali wa uchachu ndio tiba. Kiseyeye kikarudi, hata katika msafara wa Aktiki wa 1875 hadi 1876. Mwaka 1918 ndipo Harriette Chick na wenzake wa Lister Institute, London, walipolisha wanyama wa maabara juisi zote mbili na kuonyesha kwamba ya ndimu ilikuwa na karibu robo tu ya nguvu ya limau. Ninampenda sana Chick kwa kazi hiyo. Hakuuliza kama tunda hili ni tiba. Aliuliza ni kiasi gani cha tunda kinatosha kumkinga mnyama.

Na kazi ile isingewezekana bila Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe, ambao mwaka 1907 waligundua kwamba simbilisi hupata kiseyeye kama binadamu. Panya angewapoteza njia, maana hujitengenezea vitamini C kwenye ini lake. Sisi, nyani na simbilisi tuna jeni iliyoharibika ya kimeng'enya, yaani protini inayoendesha hatua ya mwisho ya utengenezaji huo, ndiyo maana tunalazimika kuitoa kwenye chakula. Mkisoma utafiti wa vitamini C uliofanywa kwa panya wa kawaida, kumbukeni hilo kabla ya kuhamishia matokeo kwa watu.

Sasa tuje kwenye kiasi. Mwaka 1939 John Crandon, daktari kijana wa upasuaji Marekani, aliamua kula chakula kisicho na vitamini C kabisa huku akipata vitamini nyingine. Vitamini C ilipotea kwenye plazima yake, yaani sehemu ya majimaji ya damu, baada ya wiki kama sita, lakini kiseyeye hakikuonekana. Baada ya miezi mitatu alikatwa jeraha mgongoni kwa makusudi, likapona vizuri. Lililokatwa baada ya miezi sita liliunga juu kwenye ngozi tu, chini hapakuwa na kitu, kwa sababu kolajeni, protini inayoshikanisha tishu, haisukwi sawasawa bila vitamini C. Alipochomwa sindano za vitamini hiyo, jeraha likaunga. Somo la Crandon kwa anayepanga muda wa utafiti ni zito: kipimo cha damu na kile mwili unachoweza kufanya vilipishana kwa miezi. Utafiti wa wiki nane ungemkuta hana vitamini C kwenye plazima na akiwa mzima, kisha ungeandika kwamba kirutubishi hiki hakina kazi.

Miaka michache baadaye huko Sheffield, Uingereza, Hans Krebs na wenzake walifuatilia watu 20 waliojitolea. Miligramu 10 kwa siku zilitosha kuzuia kiseyeye na kukiponya. Kumi tu! Mgeni akisikia hivyo hudhani suala limekwisha. Halijaisha, kwa kuwa kutokuwa na kiseyeye si sawa na kuwa na akiba ya kutosha. Mwaka 1996 Mark Levine na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha utafiti wa vijana saba wa kiume waliolazwa kwa miezi, wakishushwa kwanza kisha wakipandishwa dozi ngazi kwa ngazi, kutoka miligramu 30 hadi 2,500 kwa siku. Choreni mchoro wake kwa mkono wenu, msiutazame tu. Kati ya 30 na 100 mstari unapanda kama ukuta. Kwenye 100 seli nyeupe za damu zimeshajaa. Kwenye 1,000 plazima nayo imefika mwisho. Dozi moja ya 200 hufyonzwa karibu yote, lakini kuanzia 500 kwenda juu sehemu inayofyonzwa hupungua, na kilichofyonzwa hutoka na mkojo. Ushawishi wa mchoro ule ulikuwa mkubwa: mwaka 2000 Marekani ilipandisha kiasi kinachopendekezwa kutoka miligramu 60 hadi 90 kwa wanaume na 75 kwa wanawake, na 35 za ziada kwa wavutaji sigara.

Kwa mchoro huohuo msome habari za Linus Pauling. Huyu alikuwa mkemia wa tuzo mbili za Nobel, na mwaka 1970 aliwaambia watu wameze gramu nzima au zaidi kila siku kujikinga na mafua. Mamilioni walimsikiliza. Lakini mtungi uliojaa hauongezeki kwa kumiminiwa. Majaribio yaliyojumlishwa baadaye yalionyesha kwamba kwa watu wa kawaida vidonge vya kila siku havipunguzi idadi ya mafua. Vinafupisha ugonjwa kidogo, takribani asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Waliopata kinga halisi ni wakimbiaji wa marathoni, wanariadha wa theluji na wanajeshi waliokuwa kwenye baridi kali. Msimdharau Pauling, wala msimfuate kwa sababu ya jina lake. Mkagueni kwa dozi.

Kuna jaribio moja la mafua ambalo kila mgeni anapaswa kulijua, lililochapishwa mwaka 1975 na Karlowski na wenzake. Vidonge bandia vilikuwa na laktosi, sukari ya maziwa, ambayo ni tamu kidogo, na vidonge halisi vilikuwa vichachu. Washiriki wakavionja, wakajua wanachomeza. Watafiti walipotenga waliokisia wanachomeza na wasiojua, nafuu ilibaki hasa kwa wale waliokisia. Onjeni vidonge vyenu kabla ya kumpa mshiriki yeyote. Nasema kwa dhati, wekeni ulimini.

Kuhusu moyo nitapita haraka. Watu wenye vitamini C nyingi kwenye damu hufa kidogo kwa magonjwa ya moyo, hilo limeonekana mara nyingi. Lakini hao pia huvuta sigara kidogo na hula vizuri. Madaktari 14,641 wa Marekani walipogawiwa kwa bahati nasibu, miligramu 500 kwa siku au kidonge bandia, kwa takribani miaka minane, hapakuwa na tofauti. Nalo ni jibu kuhusu watu ambao wengi wao hawakuwa na upungufu, si jibu kuhusu kila mtu.

Haya yote yanasimama juu ya kipimo, na hapa ndipo ninapowaomba muwe wakali. Njia ya zamani ya titresheni, yaani kupima kwa kudondosha tone kwa tone, bado inafundisha vizuri kuliko mashine. Sampuli imo kwenye asidi. Unadondosha rangi ya bluu kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye vipimo, tone linageuka waridi, unatikisa, waridi linapotea kwa sababu vitamini C imelila. Unaendelea mpaka waridi jepesi linabaki kwa sekunde kadhaa. Hapo vitamini imekwisha. Fanyeni kwa juisi iliyokamuliwa sasa hivi, kisha mrudie na juisi hiyohiyo iliyoachwa wazi mezani, mhesabu matone. Na mjue rangi ile haioni umbo lililookisidishwa la vitamini C, ambalo mwili bado unaweza kulitumia.

Damu ni dhaifu zaidi. Plazima itengwe haraka na kwa ubaridi, ichanganywe na asidi metafosforiki ili vitamini isiharibike, igandishwe kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi. Mirija iliyosahaulika juu ya meza itawatengenezea jamii nzima yenye upungufu ambao haupo. Kabla hujaandika kwamba watu fulani wana upungufu, mwulize fundi wa maabara damu ilikaa wapi kati ya sindano na friza, na udai jibu lenye saa.

Mkipata nafasi ya kupanga utafiti wenu wenyewe, tafuteni wanaoanzia chini: wavutaji sigara, wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, wazee wanaoishi peke yao na kula aina mbili tatu za chakula. Pimeni damu wakati wa kuwachuja washiriki, si baada ya kuwagawa, na fedha za kipimo hicho ziingie kwenye bajeti tangu rasimu ya kwanza, maana ndizo hukatwa mapema zaidi.