Wasomaji Wanauliza: Ndege inapanda pua yenyewe, nafanyaje?

Barua za simuleta za ndege za vita zimekuja nyingi mwezi huu, nimechagua tatu, mbili za Moshi na moja ya hapa hapa Arusha, maana ukizisoma vizuri zinaongelea kitu kimoja. Mimi mwenyewe narusha DCS World, simuleta ya kwenye kompyuta, karibu kila jioni nikitoka kazini, kwa hiyo ninachowajibu hapa nimekishika kwa mkono wangu.

Shikamoo kaka. Nipo Majengo, Moshi, nina miaka 19. Nimehangaika na bando hadi nikapata DCS World yote, nikaingia moja kwa moja kwenye ile Su-25T ya bure, misheni ya kupiga vifaru. Jostiki, ule mpini wa kurushia, nimenunua ya mtumba. Sasa kila nikishapaa pua inapanda yenyewe, nikiisukuma inazama, nikivuta inaruka juu kama mbuzi, mkono unauma mpaka begani na mwisho naanguka hata kifaru sijakiona. Ni jostiki mbovu au ni mimi?

Marahaba mdogo wangu. Jostiki yako nina uhakika ni nzima. Tatizo ni trimu, yaani kile kirekebishi kinachoshikilia pua mahali pake bila nguvu ya mkono, na karibu kila anayeanza anapita hapo hapo.

Iko hivi, ndege kwa kawaida inakuwa na spidi moja inayoipenda, spidi ambayo pua inakaa sawa bila wewe kuigusa. Ukizidisha spidi pua inapanda, ukipunguza inashuka. Wewe unapaa, gesi umeisukuma mpaka mwisho, matairi umeshapandisha, spidi inazidi kupanda na pua nayo inazidi kupanda, halafu unapigana nayo kwa nguvu ya mkono. Rubani hapigani na ndege hivyo, anabonyeza trimu ili ndege ipende spidi mpya aliyonayo sasa hivi.

Fanya hivi leo leo. Juu ya jostiki kuna kile kidude cha kidole gumba kinachokwenda pande nne, kipangie trimu. Usichukue misheni yenye maadui, chukua anga tupu, panda mpaka mita 2000, gesi iache sehemu moja usiiguse tena na usubiri spidi itulie kabisa, hapa wengi hawana subira. Shika pua ikae kwenye upeo wa macho. Sasa bonyeza trimu kidogo kidogo, na kila ukibonyeza legeza mkono kidogo jostiki irudi katikati, maana hizi zetu za mezani zina springi na usipolegeza utakuwa unasukuma mara mbili. Halafu achia kabisa, mkono weka pajani. Pua ikipanda, trimu chini. Ikishuka, trimu juu. Ukiweza kukaa dakika nzima mkono uko pajani na ndege inakwenda tu, basi hiyo ndege umeanza kuirusha.

Mimi nilihangaika wiki kadhaa kama wewe mpaka siku moja mzee mmoja aliyewahi kurusha vile vindege vya watalii pale uwanja wa ndege wa Kisongo akanikuta nikiwa nimekaza ngumi, jasho linatoka. Akaniambia pisha. Akakaa, akashika jostiki kwa kidole gumba na vidole viwili tu, kama mtu anavyoshika kikombe cha chai ya moto, akabonyeza trimu mara nne tano hivi, akaachia, halafu akageuka kunitazama mimi badala ya kutazama skrini. Ndege ikaendelea kwenda! Ile picha sijaisahau mpaka leo.

Kingine, vifaru viache kwanza. Ndani ya hiyo hiyo DCS kuna TF-51D, Mustang ya viti viwili isiyo na silaha, nayo ni ya bure. Wengi wanaidharau kwa sababu haina kombora, mimi naona ndiyo mwalimu bora kuliko Su-25T. Propela yake inavuta pua kushoto wakati wa kupaa na ukifungua gesi kwa pupa unaishia majanini, kwa hiyo unajifunza kufungua gesi taratibu huku mguu wa kulia unakanyaga, na kama huna pedali basi unazungusha mpini wa jostiki kama yako inazunguka. Mwanzoni vuta jostiki kwako ili gurudumu la mkia lijifunge lisiyumbe. Ila angalia saa zake, Mustang inasoma maili na futi wakati Su-25T ya Kirusi inasoma kilomita na mita, na ukifika kwenye ndege za Kimarekani kama Hornet au F-16 ni noti (knots) na futi, noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Watu wanaanguka kwa sababu wamesoma 200 wakadhani ni 200 ile ile waliyoizoea.

Rusha mzunguko mmoja huo huo: paa, geuka, rudi, tua, tena na tena. Uwanja wa Batumi pale kwenye ramani ya bure ya Caucasus unafaa, bahari iko pembeni. Kwenye kona usilaze bawa sana. Ukilaza digrii 60 na bado unataka kubaki urefu ule ule, ndege inabeba uzito mara mbili na ile spidi ya chini ambayo bawa linakata tamaa na kuacha kuibeba ndege inapanda mara 1.4 hivi, yaani kama ilikuwa 200 sasa ni karibu 280. Ndiyo maana unaanguka kwenye kona ya mwisho huku unashangaa mbona spidi ilikuwepo.

Mwanangu habari za kazi. Niko Njiro. Kijana wangu yuko kidato cha tano, kila jioni amejifungia na hiyo ndege ya kwenye kompyuta, nikimuuliza anasema anajifunza urubani. Sasa anataka nimnunulie usukani na pedali za bei mbaya. Ni kweli anajifunza au ananidanganya?

Shikamoo mama. Hakudanganyi, ila nusu yake hajaiona bado.

Anachojifunza kweli ni kusoma saa za ndani ya ndege, kufuata orodha ya hatua moja moja bila kuruka, kupanga kushuka mapema, na Kiingereza cha redio. Hivyo vitamsaidia hata akikaa kwenye ndege halisi. Ambacho kompyuta haiwezi kumpa ni mwili. Ndege za kivita kama F-16 zinaweza kukata kona kwa nguvu ya 9 g, yaani mtu wa kilo 70 anajihisi kilo 630, damu inatoka kichwani inashuka chini na macho yanaingia giza. Pale chumbani kwake kiti hakisogei. Na masaa yake ya nyumbani hayahesabiki kwenye leseni. Kwa viwango vya kimataifa leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17 na kwa kawaida masaa 40 ya kuruka kweli, pamoja na cheti cha daktari, na akitaka ndege za kivita hasa njia ni jeshini. Kwa hiyo fizikia na hesabu za kidato cha tano ndiyo kazi yake ya kwanza, mwambie nimesema mimi.

Kuhusu pesa, pedali zisubiri mama. Kama kompyuta yake ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 mwongezee ifike 16, na diski iwe SSD, ile ya kasi, hapo ndege itapunguza kukwamakwama. Kabla ya pedali mnunulie UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta isizime, umeme ukikatika wakati anashuka anapoteza jioni nzima.

Na siku moja mpeleke asimame nje ya uwanja wa Kisongo saa za mchana. Ule uwanja uko mita 1387 juu ya usawa wa bahari, ule wa KIA (Kilimanjaro) uko mita 894 tu. Hewa ya juu ni nyepesi na ya mchana wa joto ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini ndiyo inyanyuke, hata kama saa ya spidi inasoma namba zile zile. Kwenye simuleta anaiona kama namba. Pale ataona kindege kilivyo karibu mwisho wa lami ndiyo kinaachia ardhi.

Mambo kaka, mi ni chalii wa Soweto, Moshi. Kupaa na kutua Su-25T nshaweza, ila mabomu yangu yote yanaangukia mbali, mara mbele mara pembeni. Ile nukta ya kulengea kwenye kioo naiweka juu ya lengo kabisa, sasa tatizo nini?

Poa chalii yangu. Kwanza usivunjike moyo, hata jeshi kamili lilikosa hapa hapa kwetu. Vita ya Kagera, Machi 1979, Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilituma ndege ya mabomu ya Tu-22 ipige maghala ya mafuta Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala.

Piga hesabu ndogo. Ukiwa kilomita 500 kwa saa unakwenda kama mita 139 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kubonyeza, bomu limepita mita 70 mbele, ni sehemu kubwa ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid kutoka goli hadi goli. Hiyo ndiyo mbele yako. Pembeni inatoka kwenye bawa: ukiachia bomu huku bawa limelala hata kidogo ndege inakata kona, bomu haliijui kona yako, linaendelea na njia uliyokuwa nayo sekunde ile ile.

Na chanzo cha yote mawili ni kile nilichomwambia mwenzako wa Majengo. Ukiinamisha pua spidi inapanda, spidi ikipanda pua inataka kunyanyuka, wewe unasukuma, nukta inacheza, unaikimbiza kushoto kulia na kidole kinabonyeza kwa pupa. Kwa hiyo anza ukiwa juu, punguza gesi kabla ya kuinamisha, pua digrii 30 hivi, fungua breki za hewa kidogo kama spidi bado inakimbia, trimu pua chini mpaka mkono ulegee, sawazisha mabawa. Nukta ianzie chini kabla ya lengo na uiache itambae yenyewe kulifuata. Ikigusa tu, bonyeza.

Halafu vuta hapo hapo, usishuke chini kutafuta moto, vipande vya bomu lako mwenyewe vitakukuta na Su-25T utaishusha milimani. Bomu liliangukia wapi utaliona kwenye rekodi ukishatua.