Guangzhou hadi Dubai, ndege au meli? Jibu kwa mwenye katoni 40

Mkuu, umesema una katoni 40 pale Guangzhou, nusu makava ya simu, nusu mikoba ya kike, na pawabenki kadhaa zimechanganywa humo. Zote zinakuja kwenye duka lenu Deira, hapo Dubai. Wakala wa usafirishaji kakupa bei mbili, moja ya kilo kwa ndege na nyingine ya CBM (mita za ujazo) kwa meli, na unauliza ushike ipi. Njia hii nimeitumia miaka mingi kwa bidhaa kama zako, na ninachokushauri ni kuugawa huo mzigo. Ukiupeleka wote njia moja, kuna upande utaumia.

Tuanze na mizani. Ndege haitozi kilo peke yake. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 6000, halafu wanakutoza kwa ile kubwa kati ya namba hiyo na kilo halisi. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka zinagawa kwa 5000, kwa hiyo huko mzigo mwepesi unapigwa zaidi. Katoni yako ya 60 kwa 45 kwa 40 inatoa kilo 18. Ya makava ina kilo 22 kwenye mizani, basi unalipia 22, hakuna kilichopotea. Ya mikoba ina kilo 9 lakini utalipia 18. Nusu ya nauli yake inasafirisha hewa.

Na hapo katoni iwe imenyooka. Mfungaji akishindilia mikoba, katoni inavimba tumboni, na ghala la wakala linapima pale palipovimba. 60 kwa 45 kwa 40 inasomeka 62 kwa 47 kwa 43, kilo 18 zinakuwa karibu 21, na kwa katoni 20 tayari umeongezewa kilo zaidi ya 57 bila kuongeza hata mkoba mmoja. Mwambie muuzaji aondoe karatasi za kujazia ndani ya mikoba, aibane, na akutumie picha ya futi ya kupimia ikiwa juu ya katoni kabla mzigo haujatoka kiwandani.

Kwa meli hesabu ni nyingine. Katoni zote 40 zina CBM 4.32, na kwa kuwa jumla ya uzito haifiki tani moja, utatozwa kwa CBM. Ndiyo maana bei ya meli inakuvutia. Ila hiyo bei uliyopewa ni ya baharini tu. Mzigo wa kuchangia kontena ukifika Jebel Ali, bandari ya Dubai, unapelekwa ghala la kufungulia, na hapo kuna ada ya bandari, ya kutoa mzigo kwenye kontena, ya hati ya kuuchukulia, ya wakala wa forodha na ya gari hadi Deira. Baadhi ya ada hizo hazijali una CBM moja au tano. Ukiona mtu anakupa nauli ya bahari karibu na bure, ujue pesa yake ataidai Dubai, na mzigo wako ukiwa mikononi mwake huna nguvu ya kubishana. Kwa CBM 1 au pungufu, mara nyingi meli haina nafuu unayoifikiria. Kwa 4 na zaidi, nafuu ipo kweli.

Muda nao usidanganywe na safari yenyewe. Ndege inakaa angani kama saa 8 hivi, lakini ukijumlisha kupokelewa, kukaguliwa, kusubiri nafasi na forodha, weka siku 4 hadi 7. Meli inatoka bandari ya Nansha au Shenzhen, inapita mlango bahari wa Malaka, inakata Bahari ya Hindi na kuingia mlango bahari wa Hormuz. Majini ni kama wiki tatu, zaidi ikishusha njiani. Ongeza siku za kusubiri kontena lijae na za kulifungua. Panga kwa mwezi mzima. Karibu na Mwaka Mpya wa Kichina na kabla ya Oktoba 1, sikukuu ya taifa ya China, viwanda vinapofunga, nafasi zinabana pande zote mbili.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu: forodha ya Dubai inatoza 5% ya CIF, yaani thamani ya bidhaa pamoja na nauli na bima, kisha inakuja VAT 5% juu ya hapo. Nauli ya ndege ikiwa kubwa, na ushuru unapanda nayo. Kama sehemu ya mzigo inaendelea Dar au Mombasa, mwambie wakala mapema aipitishe kama mzigo wa kupita, isilipiwe kama ya soko la Dubai.

Pawabenki zitoe humo leo hii. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na pawabenki imo kwenye kundi hilo. Zinapanda ndege za mizigo tu, chaji isizidi 30%, na hati zake. Hata meli inataka zitangazwe. Muuzaji akikuambia ataandika “vifaa vya plastiki”, kataa. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Hong Kong ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka Dubai, ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Marubani wote wawili walikufa. Hakuna faida ya duka inayostahili hatari hiyo.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi: katoni 6 au 8 za makava ya simu mpya kwa ndege, maana modeli ikipoa bei inashuka na makava ni mazito kwa ukubwa wake. Makava ya simu za zamani na mikoba yote kwa meli, pawabenki ziende peke yake kwa wakala mwenye kibali cha mizigo hatarishi. Kabla hujalipa, mtake wakala aandike bei moja ya kila njia hadi mlango wa duka Deira, kila ada ya Jebel Ali ikiwa imetajwa kwa jina, na aseme ni ghala gani litapima katoni. Ukiipata hiyo, iweke hapa tuipitie pamoja.