Maswali Yenu kwa Shangazi: Kiangazi cha London na Maonyesho Yake

Barua za mwezi huu karibu zote zina jambo moja. Kiangazi kimeingia London, mabango ya michezo ya kuigiza yamejaa kwenye vituo vya treni, na watu wetu wanatamani kwenda. Kinachowarudisha nyuma ni bei, ni lugha, na wengine hofu ya kuonekana washamba. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kupokea tiketi na kuonyesha watu viti katika ukumbi mmoja wa West End, eneo la katikati ya London lenye kumbi nyingi za michezo, kwa hiyo barua hizi zimenifurahisha kuliko za kodi na visa. Nazijibu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Shikamoo Shangazi. Rafiki zangu wananiambia Globe kuna tiketi za bei ya kutupa, ila unasimama mchezo mzima. Ni kweli? Na inafaa kuteseka hivyo? (Mwanafunzi, Stratford)

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na hata ungekuwa na pauni mia mfukoni bado ningekuambia usimame.

Shakespeare's Globe ipo ukingoni mwa Mto Thames, upande wa kusini. Imejengwa kwa mfano wa ukumbi wa mwaka 1599 ambamo kampuni ya Shakespeare ilikuwa ikiigiza. Ule wa zamani uliungua mwaka 1613: mchezo ukiwa unaendelea walifyatua mzinga, moto ukashika paa la nyasi. Ukajengwa tena mwaka uliofuata, na mwaka 1642 ukafungwa. Huu wa leo ulifunguliwa 1997. Aliyeuhangaikia kwa miaka mingi ni mwigizaji Mmarekani, Sam Wanamaker, naye alifariki 1993 bila kuuona umekamilika. Paa lake ni la nyasi pia, la kwanza kuruhusiwa London tangu ule moto mkubwa wa 1666.

Katikati ya ukumbi kuna uwanja usioezekwa, na hapo wanasimama watu wapatao 700. Kwa miaka mingi tiketi ya hapo ilikuwa pauni 5 tu. Siku hizi inaanzia hapo na kupanda kidogo kutegemea siku.

Kwa nini nakusukuma usimame? Kwa sababu pale waigizaji wanakuona. Kumbi nyingine huzima taa, nawe unabaki gizani ukichungulia maisha ya watu. Globe mchana mwanga ni wa jua, na usiku taa zinawaangaza watazamaji pamoja na waigizaji. Mwigizaji akiwa na swali la moyoni hajiulizi mwenyewe, anakuuliza wewe. Siku moja nilikuwa nimeegemeza viwiko kwenye ubao wa jukwaa, aliyeigiza mfalme akapiga magoti mbele yangu, jasho linamtiririka nyuma ya sikio, akaniuliza afanye nini huku amenikazia macho. Nilijikuta natikisa kichwa kumkataza. Akaninyamazia kidogo, kisha akaenda kufanya lilelile nililomkataza. Waliolipa pauni 60 wakati huo walikuwa wanaangalia kisogo chake.

Fika mapema, hata saa nzima kabla, upange foleni. Mlango ukifunguliwa usizubae kwenye duka la kahawa, nenda moja kwa moja mbele. Kukaa chini wakati wa mchezo hairuhusiwi, na mwavuli hairuhusiwi. Mvua ikinyesha mchezo unaendelea, kwa hiyo beba koti la mvua lenye kofia. Kula kwanza na unywe maji, maana siku za joto nimeona vijana wenye afya zao wakidondoka. Ndege na helikopta zitapita juu ya mto, utawasikia waigizaji wakipandisha sauti kuzishinda. Na ukiona huwezi kabisa kusimama ukataka benchi, uliza kwanza kuhusu zile nguzo mbili kubwa za jukwaani. Kuna viti ambavyo nguzo inakuficha nusu ya mchezo.

Dada, mama yangu anakuja kutoka Bagamoyo mwezi wa nane kunitembelea. Kiingereza hana kabisa, na magoti yanamsumbua. Nampeleka wapi asione amekaa tu kama mzigo? (Binti wa Bagamoyo, Woolwich)

Mama wa Bagamoyo amekulia kwenye ngoma, na mji wake una chuo cha sanaa ambacho tamasha lake linajulikana nchi nzima. Huyo si mtu wa kufundishwa kutazama jukwaa. Usimtafutie kitu cha kumpumbaza, mtafutie kitu kizuri.

Wewe uko Woolwich, bahati ni yenu. Mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba kuna Greenwich and Docklands International Festival, inayofanyika tangu 1996. Mengi ni ya bure, yanachezwa nje, na sehemu kubwa ni dansi, sarakasi na watu wanaoning'inia angani, mambo ambayo hayahitaji mkalimani. Mpandishe mama boti ya abiria kutoka gati la Woolwich hadi Greenwich, mchukulie kigoda cha kukunja, na kikoi cha magotini, kwa sababu jua likizama pembeni ya mto huo hata Agosti inakuwa baridi.

Siku nyingine mpeleke Covent Garden mchana. Pale wanacheza wasanii wa mtaani: wanaorusha visu, wanaotembea juu ya kamba, waimbaji wa opera kwenye ule ua wa chini. Kazi hiyo mahali hapo ni ya zamani mno. Samuel Pepys, mkazi wa London wa enzi hizo, aliandika katika shajara yake kwamba alitazama vikaragosi hapo Mei 1662. Mchezo ukiisha kofia inazungushwa. Mpe mama pauni chache aende mwenyewe kutoa. Mtu aliyezoea kumtunza mwimbaji wa taarabu anajua kufanya hivyo kwa madaha kuliko Waingereza wote waliosimama pale.

Sasa la lugha. Nakusihi usiogope kumpeleka hata kwenye mchezo wa maneno, mradi umempa kisa chote jana yake: nani ni nani, nani anamdanganya nani. Nasema hivi kwa sababu nimeona kinyume chake. Aprili 2012 Globe ilialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na The Merry Wives of Windsor ikaigizwa kwa Kiswahili na kampuni kutoka Kenya, Mrisho Mpoto, msanii wetu wa Tanzania, akiwa Falstaff, mhusika wa kuchekesha. Kwenye skrini za pembeni palikuwa na muhtasari mfupi tu wa kila tukio, si tafsiri ya maneno. Waingereza walionizunguka hawakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini Falstaff, lile libaba lililojiona linapendwa na wake za watu, lilipoanza kuaibishwa, walicheka hadi kushikana mabega. Sisi wachache tulicheka nukta moja kabla yao, basi. Kama wao waliweza, mama ataweza.

Carnival ya Notting Hill, lile tamasha kubwa la mtaani la muziki na mavazi, Jumapili na Jumatatu za mwisho wa Agosti, itamanini kwa mbali safari hii. Umati ule na magoti yale haviendani. Akisisitiza, nendeni Jumapili, ndiyo siku ya familia, tena asubuhi.

Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, likizo ya shule ni ndefu na wananililia niwapeleke kwenye The Lion King. Nimeona bei, nikafunga simu. (Mama wa Barking)

Marahaba mwanangu. Mchezo huo uko kwenye ukumbi wa Lyceum tangu 1999 na watu bado wanajaa, kwa hiyo usitegemee bei itashuka yenyewe. Lakini kila kiangazi kuna mpango unaoitwa Kids Week. Jina linasema wiki, ila unachukua sehemu kubwa ya likizo. Mtu mzima mmoja akilipa bei kamili, mtoto mmoja wa miaka 17 au chini anaingia bure, na wengine wawili wanalipa nusu. Piga hesabu yako: kiti kikiwa pauni 40, ninyi wanne mtalipa 80 badala ya 160. Tiketi huanza kuuzwa mapema, kwa kawaida mwezi wa sita, na michezo mikubwa huisha siku ileile, kwa hiyo weka kumbukumbu kwenye simu. Angalia pia michezo gani imo mwaka huo, maana si yote inayoingia kila mwaka. Ukikosa mmoja, chagua mwingine bila kinyongo. Watoto husahau walichotaka taa zikishazimwa.

Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe au ya mpango wenyewe. Kuna wauzaji wanaojipachika juu kabisa ukitafuta mtandaoni, wanauza kiti kilekile kwa bei ya kuumiza. Na usichukue ghorofa ya juu kabisa kwa mtoto mdogo. Kumbi hizi ni za enzi za Malkia Victoria na mwanawe, ngazi zimesimama wima, nafasi ya magoti hakuna, na siku ya joto hewa yote ya moto inapanda huko. Nimewabeba watoto waliolegea kutoka huko juu zaidi ya mara moja.

Bi Shangazi, mimi na mke wangu tulicheka na kuitikia mchezoni, bibi mmoja wa mbele akatugeukia na kutufokea "shhh". Tulitoka tumenywea. Je, tulikosea? (Bwana wa Luton)

Pole sana, Bwana, na mpe pole mama watoto. Kucheka kitu cha kuchekesha si kosa. Mwigizaji anakisubiri kicheko chako, anakipimia pumzi zake. Kisipokuja anajua usiku huo ni mzito. Niliwahi kusimama nyuma ya ukumbi usiku baada ya usiku, na nakuhakikishia kwamba usiku mzuri ulikuwa ule wenye watu wanaoitikia.

Mambo yanayokera kweli ni haya: simu, kuongea na jirani, mfuko wa chipsi, na kuimba pamoja na mwimbaji ambaye watu wamemlipia aimbe yeye. Nje ya hayo, guna, cheka, shangaa. Globe watakushukuru, kwa kuwa uwanja ule hata mwaka 1599 ulijaa watu wa kawaida waliolipa peni moja na hawakuwa bubu. Ukifokewa tena, usijibizane. Wakati wa mapumziko mwone mhudumu mlangoni, mweleze kwa utulivu. Kazi yake ni pamoja na hiyo. Na rudini. Nyinyi wawili ndio watazamaji ninaotamani kumbi za hapa ziwe nao.

Assalaam alaykum. Michezo inaanza saa moja na nusu usiku. Magharibi inatupita? (Msomaji, East Ham)

Waalaykum salaam. Inategemea mwezi. Mwishoni mwa Juni jua la London linazama karibu saa tatu na dakika ishirini usiku, kipindi cha pili kikiwa kimeshaanza, na mchezo mwingi unaisha saa nne au nne na robo. Sali alasiri kabla ya kuingia, ukitoka usilegee njiani. Mwishoni mwa Agosti jua linazama kabla ya saa mbili, hivyo Magharibi inaingia kipindi cha kwanza na mapumziko yanakukuta bado una wakati. Ni dakika kama kumi na tano au ishirini, basi ingia na udhu wako. Fika mapema umwambie mhudumu unahitaji kona tulivu. Mimi nilikuwa nawapeleka watu kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia makoti, ambacho kiangazi kinakuwa kitupu, na sijawahi kuona meneja akikataa. Saa kamili ya kila siku ichukue kwenye kalenda ya msikiti wako. Ukitaka kuepuka yote hayo, nenda onyesho la mchana.

Shangazi, nivae nini? (Kijana, Tottenham)

Chochote kisafi. Kofia kubwa iache nyumbani.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku, na siku yangu pekee ya kupumua ni Jumatano. Niko peke yangu, sina wa kwenda naye. (Croydon)

Marahaba, na pole na kazi mwanangu. Kuwa peke yako ni faida kubwa kuliko unavyodhani. Kila ukumbi, hata uliojaa, hubaki na kiti kimoja kimoja katikati ya safu ambacho wawili hawawezi kukinunua.

Kama umetoka zamu asubuhi, usiende kusimama Globe, utaanguka. Wala usichukue tiketi za kusimama za Proms, tamasha la muziki wa okestra pale Royal Albert Hall, ingawa hizo ni kama pauni 8 na muziki wake ni wa kiwango cha juu kabisa. Zihifadhi kwa wiki yako ya likizo, zipo kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba. Lala kwanza. Kumbi nyingi za West End zina onyesho la mchana Jumatano, saa nane na nusu, nyingine zinalifanya Alhamisi, kwa hiyo hakikisha. Kabla ya saa saba uwe Leicester Square kwenye kile kibanda cha TKTS, kinachouza tiketi za punguzo, kilichosimama peke yake bustanini. Maduka ya jirani yana mabango yanayofanana nayo, yapite. Mwambie wa dirishani unataka kiti kimoja, chini, karibu na jukwaa, na umuulize kama kuna nguzo mbele. Onyesho likiisha saa kumi na moja utapanda treni yako Victoria kukiwa bado kweupe.