Unameza dawa ya tezi dume? Usiisome PSA kwa macho ya maabara

Karatasi yangu ya majibu ya damu ilisema PSA 3.4 (PSA ni protini ya tezi dume; ikiwa juu, hofu kubwa huwa ni saratani), na pembeni maabara imechapa kiwango cha kawaida: 0 hadi 4. Mzee mwenzangu wa pale mwaloni Kirumba, ambaye naye anahangaika na mkojo, akanipa mkono wa pongezi. Daktari hakunipa. Aliuliza kwanza, "Mzee, ile finasteride bado unaimeza?"

Kile kiwango cha 0 hadi 4 hakijui kama unatumia dawa. Finasteride na dutasteride huuzuia mwili kuigeuza testosteroni kuwa ile homoni kali inayoikuza tezi. Tezi husinyaa, na PSA nayo hushuka, mara nyingi karibu nusu, ukishameza kwa miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo daktari anayejua dawa yako huzidisha namba mara mbili ndipo ailinganishe na ile 4. Kwake, 3.4 yangu ilikuwa kama 6.8. Tamsulosin ni habari nyingine: hiyo hulegeza misuli mkojo upite, PSA haiigusi.

Tatizo, boksi la dukani huandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, na jina la dawa yenyewe kwa maandishi madogo chini yake. Tena kuna vidonge vinavyochanganya dutasteride na tamsulosin pamoja. Mimi huenda na boksi lenyewe, na kwenye fomu ya maabara naomba jina la dawa liandikwe.

Hata hivyo kuzidisha mara mbili ni makadirio tu. Kilichomsumbua zaidi daktari wangu ni safari ya namba. Kabla ya dawa nilikuwa na 5.2, baadaye ikashuka hadi 2.4, halafu ndiyo hii 3.4. Ukiwa kwenye dawa, PSA ikishashuka inatakiwa itulie huko chini. Ikianza kupanda, hata kama bado iko ndani ya "kawaida", lazima sababu itafutwe.

Sababu si lazima iwe saratani. UTI huipandisha, kuwekewa mpira wa mkojo huipandisha, na kumwaga mbegu siku moja au mbili kabla ya kipimo kunaweza kuipandisha pia (hili wazee tunaona aibu kulisema, lakini mwambie tu daktari). Kwangu mkojo ulikutwa na maambukizi. Nikatibiwa, tukasubiri wiki kadhaa, kipimo kikarudiwa maabara ileile: 2.5. Isingeshuka, ningepelekwa kipimo cha picha cha MRI au kutolewa kipande kidogo cha tezi kikapimwe, na ningekwenda.

Ukiruka dawa, sema. Najua ilivyo: uko Ukerewe, vidonge vimeisha, hela ya dagaa haijaingia, mwezi unapita. Ukiacha dawa PSA hupanda yenyewe, na daktari asiyejua atasoma kupanda huko kama ugonjwa. Ukimwambia, atajua namna ya kuisoma namba yako.

Vijana wanaomeza vidonge vya kuzuia upara nao wamo. Ni finasteride ileile, ila miligramu 1 badala ya 5, na PSA inashuka vilevile. Siku ya kupimwa waitaje.