Kamera Imegoma Kuriseti? Usikubali Haraka Kuambiwa Imekufa

Juzi dada mmoja msomaji ameniandikia. Kanunua kamera ya ulinzi iliyokwisha kutumika, kaingiza pini kwenye kile kitundu cha riseti, yaani cha kuirudisha kamera kwenye hali ya kiwandani, mpaka kidole kikamuuma, kamera haina habari. Taa ni ileile, na programu ya kwenye simu inamkatalia kuiongeza. Akampelekea fundi. Fundi kaigeuza mara moja, kamwambia, "Hii imekufa dada yangu, tafuta nyingine."

Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyohivyo, mbele ya watu, na fundi ambaye hata hakuichomeka kwenye umeme. Kamera yenyewe nilipewa na binamu yangu alipohama nyumba. Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyonirudishia kwa mkono mmoja huku akiongea na mteja mwingine, inaniuma. Nikarudi nayo nyumbani nikiwa nimeshaamua kwamba kamera hii itawaka.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kila nikishikilia kitufe, taa ilizima kidogo kisha kamera ikaanza kujiwasha upya. Kamera nzima haifanyi hivyo bila sababu. Nikasoma kibandiko cha chini: volti 5, ampea 2. Chaja iliyokuwa imechomekwa ilikuwa ya simu ya zamani, ampea moja tu, tena kwa waya mrefu mwembamba. Umeme hupungua nguvu njiani kwenye waya wa namna hiyo. Kamera inaweza kuwaka, ikaonyesha hata picha mchana, lakini ikitakiwa kufanya kazi nzito kidogo inaishiwa pumzi. Ndiyo maana nyingine huzimika usiku tu, zile taa za kuonea gizani zinapowaka. Nikaweka chaja inayolingana na kibandiko na waya mfupi mnene. Kujizima kukaisha hapohapo.

Dada yangu, anzia hapo. Kabla ya kulaumu kitufe, kagua chaja na waya. Kama kamera yako ni ya betri, ijaze kabisa kwanza.

Baada ya umeme ni suala la muda, na hapa watu wengi hukosa subira. Ukishaichomeka, iache iwake mpaka itulie, maana kitufe kikibonyezwa wakati bado inajiwasha, kamera nyingi hazikisikii. Kisha shikilia bila kuachia. Aina nyingi hutaka kati ya sekunde 5 na 15, nyingine zaidi, na ishara ya kuachia ni taa kubadilika au sauti kusikika. Zipo pia zinazotaka kinyume chake: unashikilia kitufe kwanza, halafu ndipo unachomeka umeme. Huwezi kubahatisha. Tafuta namba ya modeli kwenye kibandiko, usome maelekezo ya modeli hiyo hasa, kwa sababu hata kampuni moja hubadilisha utaratibu kutoka toleo hadi toleo. Toa na memori kadi kabla ya kuanza, kwani kadi iliyoharibika inaweza kuikwamisha kamera wakati wa kuwaka. Na usikie kitufe kikibonyea. Kwenye baadhi ya kamera kuna kitundu kingine pembeni, na hicho ni cha maikrofoni. Ukikichokoa kwa pini utaiua sauti.

Yangu ikaongea. Sauti ikasema iko tayari kuunganishwa. Nilisimama peke yangu sebuleni nikashangilia, na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini programu ikanikatalia tena: kifaa hiki tayari kina mwenyewe.

Hapa ndipo naamini wengi wamekwama, wakadhani riseti imekataa kumbe ilishakubali. Kitufe kinafuta vilivyomo ndani ya kamera: nenosiri, jina la waifai, mipangilio. Jina la mmiliki halikai humo. Kwa watengenezaji wengi linakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta zao za mbali, likiwa limefungwa na namba ya utambulisho ya kamera. Kuriseti ni sawa na kupaka nyumba rangi upya wakati hati bado ina jina la mwenye nyumba wa zamani. Ubonyeze usibonyeze, hati haibadiliki.

Nikampigia binamu. Akaniapia kwamba alishaifuta. Alichokifuta ni programu kwenye simu yake, na hiyo haiondoi kitu kwenye akaunti. Ilibidi airudishe programu, aingie kwa barua pepe yake ya zamani, aichague kamera na kuiondoa. Alipomaliza nikajaribu, ikaingia, isipokuwa waifai ilinisumbua kidogo mpaka nilipoiunganisha na masafa ya gigahezi 2.4, kwa kuwa kamera nyingi za nyumbani hazishiki 5.

Kwa hiyo, dada, mtafute aliyekuuzia. Akipotea, waandikie watengenezaji, uwatumie picha ya kibandiko chenye namba ya kifaa pamoja na risiti yako. Wanaweza kukataa, na mimi siwalaumu, kwani kufuli hiyohiyo ndiyo inayomnyima mwizi faida.

Kuna njia ya kuiwekea kamera programu yake ya ndani upya kwa memori kadi. Inafaa pale tu kamera inapokwama kabisa kuwaka, kwa faili la modeli hiyohiyo, na umeme usikatike katikati. Haikusaidii kwa suala la akaunti, kwa hiyo usihangaike nayo bure.

Sasa niseme na ninyi mnaouza na kugawa kamera zenu. Iondoeni kamera kwenye akaunti kabla haijatoka mikononi mwenu, na mtoe memori kadi, kwa sababu kwa kawaida riseti haigusi video zilizomo. Ni watoto wenu mle ndani, ni mlango wenu, ni saa mnazotoka na kurudi. Nanyi mnaonunua, ikishawaka wekeni nenosiri jipya siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa maelfu ikitumia tu manenosiri ya kiwandani ambayo hakuna aliyeyabadilisha. Uingereza imepiga marufuku kwa sheria manenosiri ya kiwandani yanayofanana kwenye kila kifaa tangu Aprili 29, 2024, lakini kamera za zamani bado zinauzwa mkono kwa mkono kila mahali.

Na kabla hujatoa pesa kwa kamera iliyotumika, mwambie muuzaji afungue programu yake mbele yako na aiondoe kamera ukiwa unaangalia. Akianza kutoa visingizio, mwachie kamera yake.