Usikate Kichwa cha Mkanda

Mwaka juzi nilimpelekea fundi mmoja mkanda wa video ambao marehemu baba aliurikodi kutoka TVZ, televisheni ya Zanzibar, usiku wa Sikukuu. Taarabu tupu, saa tatu nzima. Nilitaka anihamishie kwenye flashi. Baada ya wiki kijana akanikabidhi kazi yake, uso umemjaa furaha: "Mzee, nimekusafishia. Zile rangi na mlio pale mwanzo nimezikata, na huku mwisho mulikuwa na wimbo wa taifa na takataka nyengine, nazo nimezitoa." Nikamuuliza mkanda wenyewe uko wapi. Ulikuwa na ukungu, keshautupa.

Sikumgombeza. Nyimbo zile zimerikodiwa na watu wengi, hata leo ukizitaka utazipata. Mimi kilichonipeleka kwake ni hizo takataka: mlio, nembo na muziki wa kituo kikifungua na kikifunga.

Labda nieleze kwa vijana. Zanzibar tulipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilikuja na rangi tangu siku ya kwanza. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza mwaka 1976. Bara walingoja mpaka 1994 vituo kama ITV vilipofunguliwa, na ndiyo maana kabla ya hapo wenye seti Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu kama milingoti wapate kutuchungulia sisi. Matangazo yalikuwa ya saa chache za jioni, si kama sasa. Kwa hivyo tulikuwa tukikaa mbele ya kioo kabla hakijaanza kusema: mistari ya rangi imesimama wima, mlio mmoja mrefu usiopumua, halafu muziki, halafu nembo ya kituo, halafu mtangazaji anakwambia jioni njema. Watoto tulinyamaza kwa ule mlio kuliko tulivyonyamaza kwa baba.

Mistari ile ilikuwa na mpangilio wake: nyeupe, njano, samawati, kijani, zambarau, nyekundu, buluu. Imepangwa kwa mng'aro, kutoka unaong'aa zaidi mpaka uliofifia. Haya nimeyajua ukubwani. Nilipokuwa mdogo tulitazama kwa jirani, na seti yao ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, basi mimi niliona ngazi ya rangi ya majivu ikishuka kutoka kushoto kwenda kulia. Kaka yangu aliyetazama kwa shangazi aliona rangi. Mpaka leo tukizungumza habari hii kila mtu ana televisheni yake.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza unapoanzia. Kama na wewe una hamu ya nembo na miziki ya vituo vya zamani, kabla hujaenda kutafuta mtandaoni, kaa uandike unachokumbuka. Peke yako. Chora hata kama hujui kuchora. Mwambie na ndugu yako achore chake, musionyeshane. Ukishaiona picha moja ya mtandaoni, kumbukumbu yako imekwisha. Utaapa kuwa ndivyo ulivyoiona siku zote.

Na huko mtandaoni uwe na macho. Nembo nyingi utakazozikuta zimechorwa upya juzi kwa kompyuta na wapenzi kama sisi. Ni kazi nzuri, lakini haitetemeki. Nembo za zamani nyingi zilikuwa vitu vya kushikika. Ile dunia ya BBC iliyoanza kutumika mwaka 1969 ilikuwa tufe la kweli, dogo, linazungushwa na mota mbele ya kioo cha kujitazamia kilichobonyea, na kamera imelielekea. Tausi wa NBC kule Marekani aliletwa mwaka 1956 kwa sababu ya biashara: RCA iliyokuwa ikimiliki kituo kile ndiyo iliyokuwa ikiuza seti za rangi, na mwenye seti ya nyeusi na nyeupe alitakiwa aone wivu. (Mimi na ngazi yangu ya majivu, wivu huo naujua.) Ukiona nembo ya miaka hiyo ina kingo kali kama wembe na imetulia tuli, jua kuna mtu kaifanyia hisani.

Sasa, ya kweli utaipata wapi? Majumbani. Tazama mwisho wa mikanda, pale mrikodi alipopitiwa na usingizi akaiwacha deki inaendelea. Baba yangu alikuwa bahili wa mkanda, alibonyeza kitufe kipindi kikishaanza, kwa hivyo karibu zote alizorikodi kwa makusudi hazina kitu. Zenye faida ni zile alizolala. Waulize jamaa wa Muscat pia, mikanda ilikuwa ikienda na kurudi. Na usizidharau kaseti za sauti. Wengi wetu hatukuwa na deki. Tuliweka redio kaseti mbele ya televisheni tukasema watu wanyamaze.

Ukiupata mkanda, kwanza vunja kile kijipande cha plastiki cha ubavuni, ili deki isikubali kurikodi juu yake. Utazame kwenye mwanga: ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu wa joto letu na unyevu wa hewa yetu, usiutie ndani ya deki, utaambukiza na mikanda mengine. Mimi niliwahi kuufukia kwenye mchele, kama watu wanavyofanya simu iliyoingia maji. Musifanye. Vumbi la mchele lilinimalizia deki. Mkanda mzima lakini uliokaa miaka, upeleke mbele mpaka mwisho na uurudishe, ndipo ucheze.

Kuhamisha si kazi kubwa: nyaya tatu, ya njano ya picha na mbili za sauti, na kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ila usikubali picha ivutwe ijaze kioo cha siku hizi. Zamani ilikuwa nne kwa tatu. Ukiivuta, nembo ya duara inakuwa yai. Na mwambie fundi kwa mdomo, tena mwandikie: asikate kitu, na mkanda aurudishe hata ukinuka.

Mwezi uliopita, kwenye boksi la vitabu vya skuli, nilipata kaseti ya sauti ya dakika sitini. Upande wa pili, baada ya kwikwi ya kitufe, ule mlio mrefu. Kisha muziki wa kufungulia, umepinda kidogo kwa sababu betri za redio zilikuwa zinakwisha. Juu ya muziki, marehemu mama: "Fungeni mlango huo, mbu." Kisha mtu mmoja anakohoa, na kaka yangu, sauti bado haijavunjika, anasema, "Hiyo! Hiyo inatoka!"

Nimempelekea kaisikiliza mara tatu. Nembo yenyewe bado tunagombana.