Nabonyeza Tab tu, SMS nyingine haziendi: nimzime msaidizi?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Sinza, naandika kwa Python kiprogramu cha kuwatumia SMS wateja wa duka la dawa la shangazi. Kwenye VS Code, kihariri ninachoandikia programu, nimeweka msaidizi wa akili mnemba: nikianza mstari anaumalizia kwa maandishi ya kijivu, nami nabonyeza Tab. Namba yangu ilipokea vizuri, lakini wateja kadhaa hawapati kitu. Mstari wa kurekebisha namba aliniandikia yeye: `namba.replace("0", "255")`. Nimzime?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usimzime, ila huo mstari ufute sasa hivi.

Ulitaka sifuri ya mbele itoke, 255 ikae mahali pake. Sasa `replace` ya Python haibagui, inabadilisha kila sifuri inayoikuta. Mwenye sifuri ya mwanzo pekee anatoka na tarakimu 12, safi kabisa, na nadhani wewe ni mmoja wao. Mwenye sifuri mbili zaidi huko katikati anatoka na tarakimu 16, na namba hiyo haipo duniani. Kwenye JavaScript amri ya jina hilohilo, ukiipa maandishi ya kawaida, hugusa ya kwanza tu, ndiyo maana mstari huu unamdanganya hata mzoefu. Andika hivi:

`if namba.startswith("0"): namba = "255" + namba[1:]`

Msaidizi anakisia kutokana na faili uliyofungua, na mara nyingi zile za jirani yake. Daftari la shangazi hajaliona. Kwa hiyo mstari mmoja kabla ya fanksheni, yaani kipande cha programu kinachorekebisha namba, mwachie maelezo: namba zinakuja kwa 07, 06, 255 au +255, nyingine zina nafasi katikati, rudisha tarakimu 12. Kiswahili anakielewa, usijitese. Kisha jaribu na namba za kubuni za kila sura, hasa zenye sifuri nyingi. Namba yako mwenyewe si jaribio.

Nami yamenikuta. Saa sita usiku nilibonyeza Tab, bei ya 11,800 iliyokwisha kuwa na VAT ya asilimia 18 ikaongezewa VAT tena, risiti ikasoma 13,924. Aliyegundua ni mhasibu, si mimi.

Jambo jingine hukuliuliza. Wasaidizi wengi hutuma maandishi yaliyo karibu na pale unapoandika kwenye seva za nje. Basi orodha ya wateja wa duka la dawa usiifungue kwenye kihariri msaidizi akiwa macho. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtu kujulikana ananunua dawa gani si jambo dogo. Ufunguo wa huduma ya SMS (API key) uweke kwenye faili ya `.env`, ile ya kutunzia siri za programu, na msaidizi umzime kwa faili za aina hiyo.

Ukishasahihisha, watumie wale waliokosa tu. Waliopata jana wakipata tena leo, watampigia shangazi.